Kibao Kisichowaka

Sogeeni karibu, wajukuu, mnyamaze kidogo.

Juzijuzi hapa Siakago, mkaguzi wa alama za barabarani aliazima leso yangu. Alijifunika nayo pamoja na kibao cha kuonya kuwa watoto wanavuka, kazi ya fundi wa kuchomelea, apate giza, akawasha tochi.

"Fundi, hii haiwaki. Siwezi kuipitisha."

"Mkubwa, rangi ni ya jana."

"Taa ya gari ikiipiga, lazima irudishe mwanga."

"Lakini watoto si wanavuka mchana?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mjukuu wangu hutoka kukiwa bado giza."

Fundi akapangusa mikono kwa suruali.

Mkaguzi alisema kweli, ila aliondoka na muhuri wake wa kibali, wala hakuna aliyeleta kibao kingine. Tangu hapo nasikiliza kila gari alfajiri. Mbuzi wangu walirithi kibao, ndicho mlango wa zizi. Watoto walirithi barabara tupu.