Mvua Kwanza, Vifo Mwisho

Mwezi uliopita nilikuwa Isiolo kwa shughuli zangu, nikaingia hoteli moja pale mjini kunywa chai. Televisheni ilikuwa juu ukutani, mpira unaendelea, vijana wamejaa mezani na miraa yao. Kipa akafungwa bao la kijinga, mpira ukampita katikati ya miguu, na hoteli nzima ikamtukana. Mimi nikajikuta nasema kwa sauti, kwa Kiborana, "Maskini mtoto wa watu." Mzee wa meza ya pili akageuka, akacheka, akaniuliza mimi ni wa nyumba gani. Nilimjibu, lakini akili ilikuwa imeshafika mtaa wetu wa Wabera, kwenye mkeka wa nyanya yangu.

Nyanya huyu alikuwa mama yake baba. Alikuja mjini amezeeka, baada ya kiangazi kumaliza ng'ombe wake, na Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa cha sokoni tu: kilo, bei, punguza. Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari. Alipoleta televisheni nyumbani, Nyanya aliikagua kama mtu anayekagua ngamia wa kununua, mbele, nyuma, ubavuni, kisha akakubali ikae. Sharti lake lilikuwa moja. Wakati wa swala izimwe, si kwa sababu ya kelele, bali ili wale walio ndani yake nao wapate nafasi ya kuswali.

Mpira aliupenda kwa njia yake. Timu hazikumhusu. Alimpenda kipa, yule yule mmoja anayeachwa nyuma kulinda mlango wa boma huku wenzake kumi wakikimbia ovyo uwanjani. Akifungwa, Nyanya alimwonea huruma na kuuliza mama yake yuko wapi. Ukipigwa mkwaju wa penalti aligeuka akatazama ukuta, mpaka nimwambie kumekwisha. Ila kulikuwa na wachezaji aliowachukia. Mchezaji akianguka akijigaragaza na kushika goti, Nyanya alikuwa wa kwanza kumwombea Mungu. Sasa yule akainuka, akajipangusa, akakimbia kama swala. Nyanya alimkazia macho. Sura ile hakuisahau, na wiki nyingine, hata kama yule mtu kavunjika kweli na anabebwa kwa machela, hakumwombea tena. "Huyo namjua," alikuwa anasema. Basi, kwake amekwisha.

Simu nayo aliipimia umbali. Shangazi akipiga kutoka Garba Tula, Nyanya aliongea kwa sauti ya kawaida. Ya Nairobi aliipazia sauti kidogo. Ami, mdogo wake baba, akipiga kutoka Juba, Nyanya alisimama, akatoka uani, akapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakainua vichwa. Ami alikuwa kitinda mimba wake, hakuwa ameoa bado, na ndiye aliyeendesha lori la familia kupeleka mizigo kule. Lori lenyewe lilikuwa la buluu, na kwenye mlango wa dereva lilichorwa kwa rangi nyeupe alama ya mifugo yetu: mistari miwili na kiduara chini yake. Ile ile tuliyowachoma ngamia ubavuni. Nyanya ndiye aliyeidai. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alama za mifugo alizisoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na alisema hatapanda wala kuombea gari lisilo na alama. Baba alimtafuta mchoraji mtaa wa Bulla Pesa, na Nyanya akaenda kumsimamia mwenyewe, akamfutisha mara mbili.

Kazi yangu mimi ilikuwa taarifa ya habari ya saa moja. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tukishaswali magharibi, mama anageuza nyama ya nyirinyiri kwenye sufuria, harufu ya samli imejaa nyumba, Nyanya ananiita mkekani nimwelezee dunia imeamkaje.

Usidhani ilikuwa kazi rahisi. Kwetu habari ina mpangilio wake. Watu wakikutana, mmoja huuliza "Nagaya?", yaani kuna amani, na mwenzake hujibu "Nagaya", hata kama ametoka kuzika. Kisha huulizana mvua, majani, mifugo, watoto. Mgeni anakaa, anapewa chai. Chai ikiisha ndipo analisema lile zito lililomleta. Mtangazaji wa televisheni hakuyajua hayo. Alikaa na tai yake akaanza moja kwa moja na maiti. "Huyu hana wazazi?" Nyanya aliniuliza. "Hajasalimia, anatutupia waliokufa mlangoni."

Kwa hiyo nilimpangia upya. Hali ya hewa huja mwisho wa taarifa, na Nyanya alitaka mvua kwanza, basi ilinibidi nizishike habari zote kichwani mpaka pale. Halafu tulianza. "Nagaya?" ananiuliza. "Nagaya," najibu. Mvua itanyesha Kitale, hapa kwetu bado. Bei ya ng'ombe iko hivi. Mfalme fulani wa Ulaya amemwoza binti yake, na Nyanya anauliza mahari. Wazungu wamepeleka mtambo angani, na yeye anauliza kama huko kuna malisho, maana kama hakuna, wanafuata nini? Vifo nilimwekea mwisho, chai ikiwa imebaki tone, na kila aliyekufa alimwombea dua, awe mtu wa Uchina au wa Marsabit. Nilijiona mtu mkubwa sana. Hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile, kabla wala baada yake.

Kisha vita vikazuka kule Juba. Siku moja baba alinisubiri nikichota maji kwenye tangi nyuma ya nyumba. Akanisaidia kuinua mtungi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Hizo habari za Juba," akaniambia, "ukimwelezea Nyanya, ziruke. Unajua ana presha." Nikamuuliza, na Ami je? "Ami yuko sawa. Amekwama mpakani, simu hazishiki."

Nilimwamini. Mbona nisimwamini, alikuwa baba yangu. Nikaanza kuruka. Mwanzoni niliona ni adabu tu, kama ile ya kujibu nagaya kwanza, kwa sababu kuficha kidogo mpaka mtu ameketi vizuri ndiyo heshima yetu. Jioni baada ya jioni Nyanya aliuliza, "Na kule kwa mtoto wangu?" Nami nilimjibu kwamba leo hawakutaja. Akinywa chai yake nilimwona uso umetulia, na nilifurahi kuwa ni mimi niliyeutuliza.

Jioni ya kumi na tisa, mtangazaji hajamaliza hata sentensi yake ya kwanza, picha zikaja. Malori yameungua, yamepangana kando ya barabara. La tatu lilikuwa limeungua nyuma, lakini mlango wa mbele umebaki, wa buluu, na juu yake mistari miwili na kiduara. Nyanya aliinuka mkekani bila kushika ukuta. Akaenda akaweka kidole kwenye kioo. "Hii ni yetu," akasema.

Mtangazaji alikuwa anaongea. Nilimsikia vizuri kabisa. Alisema madereva wa msafara ule waliuawa karibu wiki tatu zilizopita na wakazikwa huko huko. Ndivyo nilivyojua kwamba Ami amekufa, nikiwa nimeshika sahani ya nyanya yangu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na simu sikioni. "Mama, malori yanafanana," akasema. "Mimi niko kwenye simu, sijasikia. Muulize mjukuu wako, yeye ndiye anajua Kiswahili." Akanitazama. Hilo jicho ninalo mpaka leo. Sikuona hasira ndani yake wala vitisho, aliniomba tu, na mimi sikuwahi kuombwa kitu na baba.

Nyanya akanigeukia. Nikamwambia, "Anasema ni malori ya watu wa Uganda. Madereva walikimbia. Wako salama."

Alikaa chini polepole, akasema alhamdulillahi mara tatu. Hata kuhusu ile alama alijijibu mwenyewe, kwamba labda Uganda nako kuna watu wanaochoma hivyo.

Asubuhi mji mzima ulikuwa umeiona taarifa. Wanawake wa jirani waliingia uani, mmoja akatoa salaam aleikum, akamshika Nyanya mkono, akamwambia pole kwa msiba. Nyanya hakulia kwanza. Alimtafuta baba kwa macho. "Jana si mliniambia wako salama?"

Na baba, mbele ya wanawake wote wale, akasema, "Mama, mimi mwenyewe nimepigiwa simu alfajiri hii. Jana ni mtoto. Kiswahili cha televisheni ni kigumu, hakuelewa, akakosea."

Nilikuwa nimebeba birika. Nilingoja acheke, au arudi nyuma, au mama aseme kitu, kwa sababu mama naye alijua sikukosea. Mama aliingia jikoni. Wanawake wakanitazama kwa huruma, mmoja akasema watoto ni watoto. Nyanya akaniita, akanikalisha karibu yake, akanifuta uso kwa ncha ya shuka yake inayonukia moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. "Si kosa lako," akaniambia. "Kiswahili si lugha ya mama yako." Kisha ndipo akalia.

Unajua, ningechapwa ningesahau. Kilichoniuma ni kusamehewa kosa ambalo silo, na aliyenibebesha ameketi pale na tasbihi, anapokea pole. Nilimngoja baba arekebishe wakati wa matanga, sikumwona akirekebisha. Nikangoja arobaini ipite. Aliniletea viatu vipya vya shule, akaviweka kitandani kwangu. Nilivivaa, maana vya zamani vilikuwa vimetoboka, lakini tangu siku ile sikumtazama tena machoni kwa raha. Baba alikuwa anajua tangu siku ya tangi. Aliniambia Ami yuko mpakani huku Ami yuko kaburini, akanituma kila jioni na uongo ambao mimi nilidhani ni heshima.

Nimekuwa mtu mzima, nikamuuliza mara moja tu. Tulikuwa wawili dukani kwake. Alinijibu huku akipanga boliti zake. "Wewe ulikuwa mtoto. Wewe angekusamehe. Mimi singesamehewa." Alisema kama mtu anayeeleza hesabu iliyotoka sawa. Nikamuaga, nikaondoka, na bado nampigia simu kila Ijumaa kama binti anavyotakiwa.

Siku hizi pale nyumbani wamejenga vyumba vya kupangisha. Kila mpangaji ana simu yake, na kila simu inaanza na maiti, kisha tangazo, kisha mpira, na hakuna anayengoja chai ya mtu iishe. Kiborana changu kimeingia kutu. Nikimkumbuka Nyanya namkumbuka kwa hasira yote niliyo nayo kwa baba, na kwa miaka mingi hiyo hasira imenifaa, kwa sababu nikiishika vizuri sifiki kwenye siku moja iliyofuata. Wewe nakuambia. Nyumbani sijawahi kuwaambia.

Arobaini ilipopita, Nyanya alijaza maziwa ya ngamia kwenye mtungi mdogo, akafunga kitambaa cheupe, akanishika mkono, tukaenda shuleni kwangu kwa miguu. Hakuwahi kufika pale. Alimtaka mwalimu wangu wa Kiswahili. Mwalimu, mtu wa Meru, alitoka ofisini akimsalimia habari ya asubuhi, na kwa kuwa hakujua Kiborana hata neno, mimi nikasimama katikati yao.

"Mwambie," Nyanya akasema, "mtoto huyu Kiswahili kinampita. Mwambie kuna usiku nilimshukuru Mungu kwa uhai wa mwanangu aliyekwisha kuzikwa. Wewe sikulaumu, usilie. Lakini akufundishe zaidi, usije ukamkosea mama mwingine hivyo."

Nikamwambia mwalimu, "Nyanya anaomba unisaidie na Kiswahili."

Mwalimu akacheka kwa furaha ya kweli. "Kiswahili? Huyu? Mama, huyu ndio namba moja, na si ya darasa, ni shule nzima. Insha zake mimi nasomea darasa la nane. Hebu mwambie hivyo. Mwambie vile nimesema."

Nyanya alikuwa ananitazama mdomo, akingoja. Nikawaona wale wachezaji wake wa kujigaragaza, na uso wa Nyanya ukigeuka asiwaombee tena.

"Anasema atanifundisha," nikamwambia.

Akaweka mtungi chini. Akamshika mwalimu mikono yote miwili, akamwombea kwa Kiborana, kirefu, watoto wake, macho yake, mvua ya kwao, na hekima ya kumfungua mtoto asiyesikia. Mwalimu, bila kujua anaitikia nini, akaitikia amina kila Nyanya alipovuta pumzi. Tukarudi nyumbani taratibu, mkono wangu ndani ya mkono wake, na miaka minne iliyombakia duniani alinielekeza maneno kwa upole, kama mtu anayemsaidia kiwete.

Siku hiyo baba alikuwa dukani kwake. Hakuna mtu aliyeniambia niruke kitu.