Alama za Jemu

Tangu astaafu, mwalimu mkuu hana wa kumsahihisha isipokuwa mapera. Msimu ukifika anajifunga aproni ya mkewe, anashika mwiko kwa ncha za vidole kama chaki, na kuikaripia sufuria inayochemka bila ruhusa. Jemu ikipoa anaonja, anakohoa, kisha anachomoa kalamu nyekundu sikioni na kuandika alama kwenye kila chupa. Zake hazishuki chini ya tisini. Mkewe, aliyeanza kupika jemu wakati huyu bwana hajui hata jiko linawashwaje, safari hii alipika chupa moja tu, ikaungua kidogo, akapewa thelathini na nane. "Arudie," iliandikwa. Mama wa watu alisoma, akacheka mpaka akashika ukuta, akajiendea zake kwa binti yao wiki mbili.

Aliporudi alikuta chupa za tisini zimejipanga kabatini kama viranja, hata moja haijafunguliwa. Ile ya thelathini na nane ilikuwa mezani, tupu, imekombwa mpaka inang'aa, na mwalimu mkuu ana jemu kwenye ndevu.

"Nani kaimaliza hii, mzee?"

Akakohoa. "Nilikuwa nasahihisha upya."

"Mpaka kwenye kifuniko?" Mkewe akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo kalamu."

Mzee akaichomoa sikioni, akampa, kisha akaweka mikono nyuma na kusimama wima, akingoja alama zake.