Kikohozi cha Baba, Krismasi ya Fittja

Miaka ile ya sabini nilikuwa daktari katika wodi ya magonjwa ya kifua, kwenye hospitali moja ya Stockholm. Majira ya baridi tuliingia kazini gizani na kutoka gizani. Jua lilichomoza tukiwa tunazungukia wagonjwa, na nilipopata nafasi ya kusogea dirishani lilikuwa limeshazama. Kutwa nzima nilisikiliza vifua vya wazee wa Kiswidi. "Vuta pumzi. Toa. Tena." Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kama kwetu nako watu huugua mapafu. Nikamwambia, kwetu nako watu wanapumua. Akacheka mpaka akakohoa.

Mkesha wa Krismasi nilikuwa nikiomba zamu mimi mwenyewe. Wenzangu walikuwa na wazazi wa kwenda kuwaona. Wa kwangu walikuwa milimani Upare, na mara ya mwisho kuwaona nilikuwa bado mwanafunzi.

Siku ya Krismasi yenyewe nilikwenda Fittja, kitongoji cha Stockholm, kwa dada mmoja wa Tanga aliyekuwa muuguzi katika nyumba ya wazee. Yeye na mumewe, dereva wa basi, ni Waislamu, lakini kila Krismasi walitupikia sisi Wakristo tusiokuwa na pa kwenda. "Nyinyi mtanipikia Idi," alikuwa akisema. Mwaka ule nilimkuta pia fundi umeme wa Kikenya, rafiki yetu wa siku nyingi. Nyumba nzima ilinukia pilau, na nje theluji ilikuwa imefunika hata mabembea ya watoto.

Dada alikuwa ametoka likizo nyumbani. Tulipomaliza kula akaleta redio kaseti.

"Nilipokwenda Moshi kumwona shemeji nilishuka njiani, nikapanda kwenu," akaniambia. "Nimekuletea wazee wako."

Akabonyeza. Kwanza kuku, halafu mama akimwambia mtu asogee karibu. Kisha sauti ya baba.

"Mwanangu, hujambo? Mimi baba yako. Wanasema niongee humu ndani, nami sijui nitazame wapi."

"Mtazame mgeni!" mama akamkaripia, na sote tukaangua kicheko. Binti mdogo wa mwenye nyumba akauliza kwa Kiswidi huyo babu yuko wapi, mbona haonekani.

Baba akaendelea kunieleza habari za kahawa na za mvua. Katikati ya sentensi akakohoa. Akasema ni moshi wa jikoni tu, akaendelea, akakohoa tena.

Nilimwomba dada arudishe nyuma. Nikasikiliza. Nikamwomba arudishe tena.

"Mwache amsikie mzee wake," Mkenya akasema taratibu. "Nyumbani ni mbali."

Alidhani nalia kwa kuwakumbuka wazee. Nilikuwa nimeinamia ile redio kama ninavyowainamia wagonjwa wangu. Kikohozi kile nilikijua. Kilitoka chini kabisa, na baada yake pumzi ilikuwa fupi.

"Dada, baba amekonda?"

Tabasamu likamfutika. "Koti lilimpwaya kidogo. Lakini alinichinjia kuku, akanisindikiza. Nikadhani ni uzee."

"Usiku anatoka jasho?"

"Hilo sikuuliza, mdogo wangu."

Hakuna aliyegusa chai tena. Mume wake akanishika bega, akaniuliza nitamwandikia nani. Baada ya sikukuu akanipeleka posta, nikamtumia kaka yangu telegramu: ampeleke baba hospitali akapigwe picha ya kifua, asimsikilize akikataa.

Ilikuwa kifua kikuu. Alilazwa, akachomwa sindano muda mrefu. Mimi niliendelea na kazi yangu. Kila asubuhi niliweka sikio kwenye migongo ya baba za watu wengine, nikiutamani mgongo mmoja tu, ule wenye kovu la panga chini ya bega, niliokuwa nikibebwa juu yake utotoni.

Kiangazi nikapata likizo. Nilimkuta baba amekaa uani, amenenepa mashavuni. Sikungoja hata kupewa maji, nikatoa kifaa changu. Akavua shati bila ubishi, jambo ambalo si kawaida yake. Nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kifua kilikuwa safi.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Nimekusikia wewe, baba."

Siku ya kuondoka alikataa kuagana nami nyumbani. Kutoka kwetu bondeni hadi barabara ya juu, linakopita basi la milimani, ni mlima mtupu. Akatangulia yeye na begi langu dogo, akaupanda wote bila kupumzika, makusudi, ili nimwone. Kule juu alisimama akihema kama mtu yeyote mwenye afya, akanikabidhi begi. Nilipanda basi, nikakaa upande wake. Tulipokata kona alikuwa bado anapunga kofia.