Chungu cha Bibi Hakikupanda Gari

Asubuhi ile nilikwenda kijijini kwetu Pito na gari la makumbusho ninakofanya kazi, kuchukua chungu cha marehemu bibi yangu. Ni chungu kikubwa, cheusi kwa masizi, alichopikia ugali wa ulezi ukoo mzima ulipokutana. Mama alikuwa amekubali mwenyewe kiende makumbusho. Alihofia kitapasuka jikoni mwake.

Nilimkuta ameshakifunga kwa kanga. Dereva hajashuka vizuri, mama mdogo akaingia uani kwa bodaboda kutoka Katandala anakoishi. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alichuchumaa akakikumbatia kile chungu.

"Hiki hakiondoki," alisema.

Mama akamwambia kwa Kifipa aache kututia aibu mbele ya mgeni. Mama mdogo akajibu kwamba aibu ni kumuuza mama yao. Hakuna aliyeuza kitu, lakini neno lilishatoka. Mama akashika ukingo wa upande wake. Wakabaki hivyo, watu wazima, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akivuta. Dereva akajifanya anakagua matairi.

Niliwaomba wakiweke chini, hawakunisikia. Nikapiga magoti katikati yao, nikapitisha mikono chini ya kitako, nikingoja kusikia kinavunjika.

Ndipo mama mdogo akaniuliza, "Huko kwenu, nikitaka kukigusa, nitaruhusiwa?"

Vyombo vyetu viko nyuma ya kioo, na mimi ndiye ninayewakataza wageni. Mama alinikazia macho. Nilijua anataka niseme nini.

"Hapana, mama mdogo," nilisema.

Mama akaachia ghafla. Uzito wote ukanilalia mikononi, kidogo nianguke nacho. Alipoona nimekishika, aliingia ndani akafunga mlango.

Chungu nikamwachia mama mdogo, naye akanionyesha jiwe la kusagia lililolala kando ya ua tangu mashine ya kusaga ilipofika kijijini. Akasema hilo nichukue. Tulilipakia mimi na dereva. Nilibisha mlango kuaga, mama hakufungua.

Kwa wiki kadhaa hakupokea simu zangu. Siku alipopokea, nilisikia vyombo vikigongana nyuma yake. Alisema yuko Katandala kwa mdogo wake, wanasonga ugali, nipige baadaye.