Nafasi ya Leticia

Nafasi kwenye basi la hija ya Kibeho, Rwanda, ilikuwa ya Leticia. Aliingojea mwaka mzima, akashona na gauni la safari, lakini Kwaresima ilipokaribia miguu yake ilivimba mpaka ndala zikamkataa. Ndipo akamwita Yosefina, jirani yake pale Mlabani, akamkalisha ukingoni mwa kitanda.

"Nenda wewe, mdogo wangu," alimwambia. "Ukifika Kibeho kwa Mama Bikira Maria, nitajie jina langu tu. Sina kingine ninachokuagiza."

"Nitakutajia, dada."

Yosefina alikuwa mjane, mkaanga samaki pale sokoni Ifakara. Ujana wake wote ulipita juu ya baiskeli. Enzi za pantoni, kabla ya daraja, alitoka Lupiro alfajiri na tenga la kambale kwenye karia, akishindana na wanaume kuwahi kuvuka mto. Wengi aliwaacha nyuma, na mama yake akamgombeza kwamba mwanamke hakimbizi baiskeli namna ile. Aliolewa, akazaa, akazika mume, lakini kila Februari, yalipofika mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Rwanda, alimwachia binti yake Violeth kikaango akaenda kusimama mbele ya duka lenye televisheni. Alijua kwamba ushindi wa mashindano yale hauji kwa siku moja, na kwamba aliyetamba jana kwenye tambarare leo anaweza kukwama mlimani. Watu walidhani anakwepa jua tu.

Kwa hiyo aliposikia Rwanda, na ni Februari, moyo ulimruka mara mbili. Kwa ile mara ya pili, ya baiskeli, akajikemea, akafunga begi.

Safari ilikuwa ndefu. Walisali rozari kuanzia Kidatu, wakalala Singida, wakavuka mpaka pale Rusumo. Aliketi na Aurelia, mwanakwaya mwenzake, aliyekuwa akimmenyea machungwa kama mtoto. Kiongozi wao alikuwa Mzee Teofili, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini, ambaye kila basi liliposimama alihesabu vichwa vya mahujaji.

Walipofika Huye, askari wakalisimamisha basi. Barabara ilifungwa.

"Kuna baiskeli zinapita," dereva alisema kwa kuchoka.

Mahujaji wakashuka kunyoosha miguu. Yosefina alisogea hadi ukingoni mwa barabara. Kwanza pikipiki, kisha magari, halafu wakaja wenyewe, wamebanana kama kundi la ndege wa mpunga, wakapita kwa mvumo mmoja uliompeperushia kanga begani. Hata nyuso hakuziona. Alijikuta amepiga kelele hadi sauti imekauka, na mama mmoja Mnyarwanda aliyesimama karibu naye akimcheka kwa furaha.

"Wewe unajua baiskeli!" alisema yule mama kwa Kiswahili. Aliitwa Eveline, aliwahi kuishi Ngara. Yeye na wenzake walikuwa na gari dogo na ngoma mbili, wanayafuata mashindano mji hadi mji. "Kesho tunakwenda milimani. Nafasi ipo moja."

Jioni ile mahujaji walilala kwenye nyumba ya wageni ya masista. Asubuhi, wenzake walipokuwa wakipanda basi kwenda Kibeho, Yosefina alijishika tumbo.

"Linanikata," alimwambia Aurelia. "Nendeni. Nitapumzika hapa, mtanipitia mkirudi kesho kutwa."

"Basi nibaki nikuuguze."

"Hapana! Wewe nenda ukasali."

Aurelia akavua shali yake, akamfunika nayo mabegani. Basi lilipopinda kona, Yosefina aliikunja ile shali, akaiweka kitandani, akatoka kumtafuta Eveline.

Zile siku mbili zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Walipanda vilima vilivyofunikwa na migomba, wakala viazi vya kuchoma kando ya barabara, wakapiga ngoma. Katika mlima mmoja mkali alimwona mwendeshaji wa mwisho kabisa, kijana aliyebaki peke yake, uso umejaa chumvi ya jasho, magurudumu yanayumba. Yosefina alikunja kanga akakimbia ubavuni mwake, akipaza sauti, "Kaza, baba! Kaza, usishuke!" Kijana hakushuka. Eveline alimkumbatia. Jina la Leticia halikumpitia kichwani hata mara moja.

Siku ya kurudi, barabara zilifungwa tena kwa ajili ya mashindano, na gari likakwama upande wa pili wa milima. Laini yake ya simu ya nyumbani haikushika huko. Alifika kwa masista siku iliyofuata, jua la saa sita likiwaka, kichwani amevaa kofia ya mashindano aliyopewa na Eveline.

Basi lilikuwa uani. Wazee wa watu walikuwa wamelala humo wakimngoja. Wanaume walizunguka hospitali zote za mji. Mzee Teofili alikuwa ametoka polisi. Aurelia alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, macho mekundu. Alipomwona, alinyanyuka kumkimbilia, kisha akaiona ile kofia akasimama.

"Shikamoo, mzee," Yosefina alimwambia Teofili, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Upo salama?"

"Nipo."

"Tumshukuru Mungu. Pandeni, tuondoke."

Laiti wangemtukana. Hakuna aliyemtukana. Toka Huye mpaka Mikumi walimpa chakula na maji, wakamuuliza kama dirisha linampulizia. Aurelia aliendelea kukaa naye, ila machungwa alimenya yake. Walipoingia Ifakara alimtia mkononi kichupa cha maji ya Kibeho.

"Mpelekee Leticia," alisema. "Mengine utajua mwenyewe."

Leticia alikuwa ameegemea mito, gauni la safari amelivaa kumpokea. "Ulinitaja?"

Yosefina aliona jinsi Leticia anavyomtazama, akampa kichupa. "Nilikutaja, dada."

Leticia alilia kwa furaha. Wiki ile uvimbe ukapungua kidogo. Labda ni dawa za hospitali, labda ni nini, Leticia hakutaka kujua. Kila aliyekuja kumjulia hali alimsimulia habari za Yosefina, na akaomba Jumamosi, jumuiya itakapokusanyika nyumbani kwake, Yosefina asimame atoe ushuhuda. Mahujaji waliosikia habari hizo walitazama chini. Yosefina sokoni aliunguza samaki.

Ijumaa jioni alishindwa kuendelea. Alikwenda kwa Leticia, akakaa sakafuni, si kitandani.

"Dada, sikufika Kibeho."

Akaeleza yote: tumbo la uongo, ngoma, mlima, basi lililongoja.

"Kwa hiyo jina langu halikutajwa hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Hata huko barabarani?"

"Hata huko."

Leticia aligeukia ukutani. "Niache nilale."

Jumamosi hakukuwa na ushuhuda. Yosefina alikaa mlangoni, karibu na viatu, na watu walipotoka walipita juu ya miguu yake wakisema samahani. Alipeleka samaki kwa Leticia siku kadhaa. Kila mara samaki walirudi na jibu la adabu, kwamba mama ameshakula. Kwa Aurelia alikwenda kuomba radhi, akasamehewa haraka mno. Februari nyingine ikaja, na pale mbele ya duka la televisheni hakuonekana.

Asubuhi moja ya mwezi huo Leticia alitokea sokoni mwenyewe, na fimbo. Alichagua perege mkubwa, akatoa hela. Miaka yote hakuwahi kununua samaki kwa Yosefina, alikuwa akipewa. Yosefina alizipokea kwa mikono miwili.

"Mzee Teofili anaandaa basi lingine," Leticia alisema, akimwangalia Violeth akifunga samaki. "Nakwenda, miguu ikikubali. Nitahitaji wa kunibebea begi."

"Nitalibeba, dada."

"Na huko njiani, hakutakuwa na baiskeli?"

Wateja kwenye benchi waliacha kutafuna. Yosefina alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa ulimini tayari.

"Zinaweza kuwepo," alisema.

"Basi utalibeba," Leticia alisema, akachukua samaki wake, akaikita fimbo chini kujua kama imesimama vizuri, akaondoka taratibu kuelekea nyumbani.