Siku Mama Kaputi Alipolazwa

Watu walimwita Mama Kaputi kwa sababu ya nusu kaputi, na jina likamganda kiasi kwamba hata mganga mkuu alimwita hivyo hivyo kwenye vikao. Ndiye aliyekuwa muuguzi pekee wa dawa ya usingizi katika hospitali ile. Daktari wa upasuaji alikuwepo, wakunga walikuwepo, taa na vitanda vilikuwepo, lakini bila yeye hakuna aliyepasuliwa.

Ilikuwa kazi ya upweke. Mgonjwa alimwona kidogo tu, macho mawili juu ya barakoa, akiambiwa, "Vuta pumzi taratibu, mwanangu. Fikiria kitu unachokipenda." Akizinduka, ndugu wamemzunguka, na shukrani zote zinakwenda kwa daktari. Sokoni Mama Kaputi alipishana na watu ambao pumzi zao aliwahi kuzishika mkononi, wakampita kama wanavyompita mtu yeyote.

Mbali hakwenda, maana wakati wowote angeweza kuitwa. Aliishi chumba na sebule nyuma ya jengo la kufulia, na simu aliingia nayo hadi bafuni, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mumewe alivumilia, akachoka, akaondoka bila ugomvi. Binti yao alilelewa na dada yake Mama Kaputi, mji mwingine, maana mtoto huwezi kumfungia ndani kila unapoitwa. Siku moja dada alimsimulia kwamba binti humwita yeye "mama", na mzazi wake "mama wa simu". Mama Kaputi alicheka sana. Alipokata simu akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kila mganga mkuu mpya alipofika, Mama Kaputi alimwomba amtafutie mwenzake wa kupokezana naye. "Linashughulikiwa, mama," waliitikia wote.

Asubuhi moja aliamka tumbo linamsokota. Akameza vidonge, akaingia kazini. Alipoinama kupanga mipira ya kupumulia wagonjwa, hakuweza kunyanyuka tena. Daktari alimlaza kwenye kitanda kilekile cha upasuaji, akambonyeza chini upande wa kulia, akaachia ghafla. Mama Kaputi alipiga ukelele.

"Kidole tumbo," daktari alisema. "Lazima nikupasue leo hii."

"Na nani atanilaza usingizi?" aliuliza Mama Kaputi, kwa sauti ya mtu anayeuliza ufunguo uko kwa nani.

Jibu lilikuwa gari la wagonjwa, limpeleke hospitali kubwa. Dereva alikuwa ameshawasha injini mkunga alipotoka mbio. "Subirini! Nina mjamzito hapa, mtoto amekingama tumboni, hatoki bila kupasuliwa."

"Nishusheni," alisema Mama Kaputi. "Nitamlaza huyu kwanza, halafu twende."

"Dada, hata kusimama huwezi," mkunga alimwambia.

Alijaribu. Miguu ikamkatalia, akaketi tena, amelowa jasho. Basi mjamzito akalazwa kwenye machela, yeye akabaki kwenye benchi la pembeni, mkono mmoja tumboni kwake, mwingine umeshika chupa ya maji ya dripu ya mwenziwe isigongegonge. Barabara ilikuwa mashimo matupu.

"Na wewe una uchungu, dada?" mjamzito aliuliza.

"Mimi ni tumbo tu. Langu halina mtoto."

Wakacheka, wakaumia, wakaacha.

"Wanasema pale pana mtu wa usingizi, ila leo hayupo," mjamzito alisema baadaye. "Hivi watu hawa hawana huruma? Unaachaje watu hivi?"

Mama Kaputi alitazama matone yakishuka kwenye mpira. "Labda anaumwa."

"Basi si angekuwepo mwingine?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Angekuwepo mwingine."



Hospitali kubwa ilikuwa na chumba kimoja tu cha upasuaji kilicho wazi. Machela mbili zikawekwa sambamba kwenye korido.

"Huyu kwanza," alisema Mama Kaputi.

"Mama, hicho kidole tumbo kinaweza kupasuka," daktari wa pale alimwonya.

"Najua. Huyu kwanza."

Alikuwa bado koridoni aliposikia mtoto akilia nyuma ya mlango. Muda mfupi baadaye maumivu yakakatika ghafla, tumbo zima likawa kimya, naye akajua hiyo si nafuu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka.

Walipomwingiza, kijana wa usingizi alikuwa ameelemewa na uchovu, macho yake kwenye mashine. Alichoma sindano bila neno.

"Tafadhali, niambie kitu," Mama Kaputi alisema.

Kijana alishtuka. "Nikwambie nini, mama?"

"Chochote."

Akafikiri. "Usiogope. Nipo."

Akalala.

Alizinduka kitanda kikiwa hakina mtu pembeni. Kidonda kiliingia usaha, akakaa wodini muda mrefu. Yule mama wa mtoto aliruhusiwa mapema. Sauti za ndugu zake zilipita koridoni na vifijo, zikaishia getini. Dada yake Mama Kaputi alikuja na binti, ambaye sasa alimzidi mzazi wake urefu. Binti alisema "Shikamoo" ile ya adabu sana, ya kumpa mgeni, akaketi mwisho wa kitanda akikunjakunja ncha ya shuka. Mama Kaputi alitamani kumwuliza anapenda nini, akaishia kumwuliza habari za shule.

Alirudi kazini akitembea ameinama kidogo. Muda wote ule chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, na wagonjwa walisafirishwa kwa barabara ileile. Alimwuliza mkunga kama wote walifika wakiwa hai. Mkunga alianza kukunja mashuka, akasema, "Karibu tena, dada yangu."

Mama Kaputi alielewa. Aliingia, akafuta vumbi kwenye mashine, akaijaribu, kisha akamwita mzee mwenye ngiri aliyekuwa akisubiri kwenye benchi.