Mume wa Mwikali

Nilikuwa karani mgeni mahakamani Kitui, nimetoka Mombasa juzi tu. Mzee mmoja alikuwa amefariki, na ndugu yake alitaka kumfukuza mwanamke kijana, Mwikali, kutoka shamba la marehemu pamoja na wanawe wawili. Hakimu akaagiza mume wa Mwikali aitwe. Nikafungua mlango, nikapaza sauti.

"Niko," akajibu bibi kizee nyuma yangu.

"Keti, nyanya. Naita mwanamume."

Nikaita tena. Akasimama tena, mgongo umenyooka, uso umetulia. Watu wakaangua kicheko.

"Kijana, utaita mpaka Emali wakusikie! Mimi na marehemu hatukujaliwa mtoto. Kwa mila yetu Wakamba mwanamke naye huoa, basi nikamwoa Mwikali kwa mbuzi wangu mwenyewe, azalie nyumba yetu. Wanangu hawatoki pale."

Hakimu akainamisha kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa bado nimeushikilia mlango, nikimngoja mwanamume.